Mashabiki wa kandanda wajifunze kupima kabla ya kuhukumu

Miongoni mwa mijadala inayozuka kila Jumatatu katika majilisi ya walimu na mabweni ya wanafunzi humu nchini, ni michache inayowasha moto upesi kama ule wa kuuliza iwapo mchezaji fulani anastahili kuwamo katika kikosi cha kwanza. Ligi Kuu ya Uingereza husakatwa maelfu ya kilomita kutoka hapa, lakini mashabiki walioko Kisumu, Nakuru na Mombasa huigombania kana kwamba wao ndio walipaji wa mishahara ya wachezaji. Wapo wanaoudharau mjadala huo wakidai kuwa ni upuuzi wa vijana wasio na kazi. Mimi siudharau hata kidogo. Pale ambapo watu wengi hujadiliana kwa hiari yao, bila kusukumwa na mwalimu wala mtihani, ndipo tunapoweza kuona waziwazi jinsi wanavyoitumia lugha kuutafuta ukweli, au kuukimbia.

Na tutwae mfano wa Harry Maguire, beki wa kati wa Uingereza. Mnamo Agosti 2019, Manchester United walimnunua kutoka Leicester City kwa pauni milioni 80, bei ambayo hakuna beki mwingine duniani aliyekuwa ameifikia kabla ya siku hiyo. Januari 2020 akakabidhiwa unahodha. Mwaka 2021 aliisaidia Uingereza kutinga fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, na UEFA, shirikisho linalosimamia kandanda barani humo, likamtia katika kikosi bora cha mashindano. Haikutimia miezi tisa, hali ikageuka. Machi 2022, jina lake liliposomwa uwanjani Wembley kabla ya mechi ya kirafiki dhidi ya Cote d'Ivoire, baadhi ya mashabiki wa nchi yake mwenyewe walimzomea.

Si kwamba zomeo hilo lilizuka bila sababu. Msimu wa 2021/22 ulikuwa shubiri kwa United. Oktoba 2021 walikung'utwa mabao 5-0 na Liverpool katika uwanja wao wa nyumbani, Old Trafford. Mwezi uliofuata wakacharazwa 4-1 na Watford, na Maguire akaonyeshwa kadi nyekundu. Kocha Erik ten Hag alipowasili mwaka 2022, alimchezesha katika mechi mbili za kwanza za ligi. Zote mbili zikapotea, na beki huyo akaanza kusugua benchi. Julai 2023 alivuliwa unahodha. Agosti mwaka uo huo ikasalia kidogo tu auziwe West Ham kwa takriban pauni milioni 30, lakini mapatano yakavunjika.

Wengi waliamini kuwa hadithi yake ilikuwa imekwisha. Novemba 2023 akatawazwa Mchezaji Bora wa Mwezi wa Ligi Kuu. Aprili 2025, katika mechi ya Ligi ya Europa dhidi ya Lyon, United walikuwa nyuma kwa 4-2 muda wa ziada ukiyoyoma. Maguire akatumwa mbele kucheza kama mshambulizi, na katika dakika ya mwisho kabisa akafunga kwa kichwa bao la ushindi wa 5-4. Oktoba 2025 alifunga tena kwa kichwa bao lililowapa United ushindi wa 2-1 ugani Anfield, mahali ambapo hawakuwa wameshinda tangu Januari 2016.

Sasa waulize mashabiki wawili iwapo mchezaji huyu alistahili namba yake. Wa kwanza atakutajia Lyon na Anfield. Wa pili atakutajia Watford na zile pauni milioni 80. Kila mmoja atapaza sauti, na hakuna atakayemsikiliza mwenzake, kwa kuwa kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe. Hapo ndipo mwanaisimu anapoweza kuwa na la kusema, kwani kiini cha ugomvi kimo ndani ya neno lenyewe.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana: kustahili na kustahiki. Vyote viwili vilitoka katika lugha ya Kiarabu, na katika mazungumzo ya kila siku tunavitumia kana kwamba ni kimoja. Hata hivyo, asili zao ni mbali. Kustahiki kumetokana na mzizi uo huo uliotupa neno haki. Anayestahiki kitu ana dai juu ya kitu hicho, na akinyimwa amedhulumiwa. Kustahili kumetokana na mzizi uliotupa neno ahali, yaani watu wa mahali fulani au wa jambo fulani. Anayestahili ni yule anayefaa, aliye wa pale. Kibarua aliyemaliza kazi anastahiki ujira wake. Lakini je, yupo mchezaji anayestahiki namba katika kikosi? Hayupo. Anaweza kustahili tu, yaani kufaa, kwa siku hiyo, dhidi ya wapinzani hao, miongoni mwa wachezaji waliopo.

Tukiikumbuka tofauti hiyo, mengi ya makelele yetu yatapoa. Yule anayesema kuwa Maguire aliifanyia timu makubwa, kwa hivyo asiwekwe benchi, anazungumza kana kwamba namba ni deni. Yule anayesema kuwa Maguire aliboronga mwaka 2021, kwa hivyo asichezeshwe tena, anazungumza kana kwamba namba ni haki aliyoipoteza kama mhalifu anavyopoteza uhuru wake. Wote wawili wamelikimbia swali la kufaa, na wamejifungia katika swali la haki.

Ndani ya hilo swali la kufaa mna maswali mengine madogo, na yafaa yatenganishwe.

La kwanza ni bei. Pauni milioni 80 ziliafikiwa na wakuu wa vilabu viwili. Mchezaji hakujipigia mnada. Ikiwa bei ilikuwa ghali mno, basi lawama ni ya mnunuzi, kama vile mama aliyenunua nyanya kwa bei ya kuruka asivyoweza kuilaumu nyanya. Isitoshe, pesa zikishatumika haziwezi kumwambia kocha nani acheze Jumamosi ijayo.

La pili ni mfumo wa mchezo. Maguire ni mrefu, hodari wa mipira ya juu, lakini si mwepesi wa kugeuka na kukimbia. Kocha anayetumia mabeki wawili wa kati na kuwataka wasonge mbele karibu na katikati ya uwanja huacha nafasi kubwa nyuma yao, na katika nafasi hiyo mtu wa aina ya Maguire huaibishwa na washambulizi wenye kasi. Ruben Amorim, aliyeshika usukani wa United Novemba 2024, alitumia mabeki watatu wa kati. Katika mpango huo anayesimama katikati hulindwa na wenzake kulia na kushoto, na kazi yake kubwa huwa ni kuondosha krosi. Miguu yake haikuongezewa kasi; kilichobadilika ni kazi aliyopewa. Shabiki asiyeuliza mchezaji ametakiwa afanye nini hawezi kusema iwapo amekifanya vyema.

La tatu ni mbadala wake. Kocha hachagui baina ya Maguire na beki wa ndotoni. Huchagua baina ya Maguire na wale waliopo, wazima na wagonjwa. Anayesema "mtoeni" na akaishia hapo amesema nusu ya sentensi. Nusu iliyosalia ni jina la atakayeingia.

La nne ni cheo. Unahodha na namba ni vitu viwili. Mtu aweza kuvuliwa unahodha na akasalia beki mwema; Maguire mwenyewe alitwaa tuzo ya mwezi miezi minne tu baada ya kuvuliwa. Tunapovichanganya, tunadai kuwa aliyeshindwa kuongoza ameshindwa pia kucheza, jambo ambalo halina mantiki.

Nakubali kwamba mashabiki nao wana haki zao. Wao ndio wanaolipa kiingilio, wanaonunua jezi na kukesha mbele ya runinga. Mchezaji anayelipwa donge nono hawezi kudai asikosolewe, na kadi nyekundu ya Watford haikufutwa na bao la Lyon. Tusisahau pia kwamba msimu huo uliotupa bao la Lyon, United walimaliza ligi katika nafasi ya 15 na wakalazwa na Tottenham katika fainali ya Ligi ya Europa. Bao moja tamu halithibitishi kwamba wakosoaji wote walikuwa wajinga. Ninachopinga si ukosoaji. Ninapinga ile tabia ya kulichukua jina la mtu na kuligeuza kuwa tusi.

Jina la mtu humtaja mwenyewe, halimwelezi. Lakini mara nyingine jamii hulijaza jina hilo maana, likaacha kumtaja mtu na kuanza kutaja tabia. Firauni lilikuwa jina la cheo cha wafalme wa Misri ya kale. Leo katika Kiswahili firauni ni mtu mwovu, na tumeunda hata nomino ya dhahania, ufirauni. Firauni hatarudi kutudai. Mchezaji aliye hai, hata hivyo, Jumamosi atashuka uwanjani tena.

Jambo hilo lilidhihirika nchini Ghana. Mwishoni mwa mwaka 2022, katika mjadala wa bajeti bungeni, mbunge Isaac Adongo alimlinganisha Mahamudu Bawumia, aliyekuwa Makamu wa Rais na msimamizi wa masuala ya uchumi, na Harry Maguire: beki aliyesifiwa sana, kisha akawa hatari kwa lango lake mwenyewe. Bunge liliangua kicheko, na video ya hotuba hiyo ikazagaa duniani kote. Kwa mwanafunzi wa fasihi, huo ulikuwa mfano hai wa tashbihi iliyofanikiwa: msikilizaji hakuhitaji ufafanuzi. Lakini tashbihi husimama kwa muda ambao kilinganishi hakijabadilika. Novemba 2023, huku Maguire akicheza vizuri mno, Adongo alisimama tena bungeni humo humo na kumwomba radhi mchezaji huyo, akisema kuwa amekuwa nguzo ya timu yake. Makamu wa Rais hakuombwa radhi. Maguire naye alijibu kupitia mtandao kuwa amepokea radhi hiyo na kwamba mbunge anakaribishwa Old Trafford.

Wengi waliicheka habari hiyo kisha wakaisahau. Mimi naona ina somo zito kuliko kicheko chake. Mbunge yule, hata kama alifanya hivyo kwa mzaha na kwa faida ya siasa zake, alifanya jambo ambalo ni nadra kulisikia katika mabishano yetu: alitamka hadharani kuwa ushahidi umebadilika, na kauli yake ikabadilika nao. Ni mashabiki wangapi waliomwita mtu gunia la viazi mwaka 2022 ambao walithubutu kutamka vivyo hivyo mwaka 2023?

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Katika midahalo ya shule tunampa mwanafunzi upande, kisha tunamtuza kwa kuutetea hadi mwisho. Zoezi hilo hunoa ulimi, na sitaki liachwe. Lakini liongezewe jingine. Mpe mwanafunzi mada hii hii ya mchezaji anayewagawa mashabiki, na kabla hajasema neno, mwambie aandike katika daftari lake mambo matatu: anajibu swali gani hasa, nani angeingia mahali pa mchezaji huyo, na ni ushahidi upi ukitokea utamfanya aubadili msimamo wake. Asiyeweza kulijibu la tatu hana hoja. Ana mapenzi au chuki. Vyote viwili vinaruhusiwa uwanjani, ila visiitwe hoja.

Walimu nasi tujitazame. Mwanafunzi aliyeanguka hesabu muhula wa kwanza akabandikwa jina la mzembe huenda akalibeba jina hilo hadi mwaka wa mwisho, hata baada ya alama zake kupanda, kwa sababu kila mwalimu mpya hulipokea jina kabla ya kumpokea mtoto. Maguire alikuwa na mshahara mnono, wakala na uwanja wa watu zaidi ya 70,000 wa kuonyesha kwamba amebadilika. Mtoto wa darasani ana daftari tu, na hakimu wake ni mmoja.

Wala mambo haya hayaishii katika kandanda na shule. Neno lile lile, anastahili, ndilo tutakalolitumia tutakapojadili nani apandishwe cheo kazini na nani apigiwe kura. Vijana waliozoea kumhukumu beki kwa bei yake, kwa kabila la jezi yake au kwa kosa moja la miaka minne iliyopita watawahukumu viongozi kwa mizani iyo hiyo mbovu.

Wahenga walinena, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakutukataza kumnyonga kwa hoja beki anayefungisha mabao. Walitutaka tuipime kazi yake ya leo kwa mizani ya leo, na siku anapofanya jema, tulitaje kwa sauti ile ile tuliyomzomea nayo.