Mwanao akikuletea muziki wa kutisha, utamjibu nini?

Mtoto wa kidato cha pili ameshika simu ya mama yake jioni nzima. Mama anadhani anachati. Siku ya tatu mtoto anakuja na hedifoni: “Mama, sikiliza hii, nimetunga mwenyewe.” Mama anaziweka masikioni. Fidla zinatetemeka, ngoma nzito inagonga kwa mbali, kisha matarumbeta yanalipuka kama kwenye filamu mtu anapofukuzwa. Hakuna maneno, hakuna kiitikio. Mtoto anamtazama usoni, anasubiri.

Wazazi wengi hujibu kwa njia mbili. Mmoja husema, “Nzuri sana, mwanangu,” akarudisha hedifoni na kuendelea kusonga ugali. Mwingine husema, “Mbona ya kutisha hivi? Hesabu umemaliza?” Majibu haya yanaonekana kama usiku na mchana, lakini mtoto husikia jambo moja katika yote mawili: sikusikilizwa. Akijibiwa hivyo mara tatu, mara ya nne hatakuja. Huenda akaendelea kutunga, huenda akaacha, na mzazi hatajua.

Siku hizi mtoto hahitaji kumiliki fidla ili aandikie okestra. Programu kama BandLab hufanya kazi kwenye simu, na MuseScore kwenye kompyuta, na mtu huanza kuzitumia bila kulipa. Ndani yake kuna sauti za fidla, selo, filimbi, matarumbeta na ngoma. Kinachobaki ni sikio, subira, na mtu wa kwanza wa kusikiliza. Mara nyingi mtu huyo ni mzazi, hata kama hajui nota moja.

Hatari! ilitoka Momella

Familia za Arusha zina mfano karibu na nyumbani. Kabla Tanganyika haijapata uhuru Desemba 1961, mwongozaji wa Marekani Howard Hawks alikuja na John Wayne, Elsa Martinelli, Hardy Krüger na wenzao kupiga filamu kuhusu watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika upande wa Momella, chini ya Mlima Meru. Filamu ilitoka mwaka 1962 ikiwa na jina la Kiswahili: Hatari! Krüger aliipenda nchi hii hata akanunua shamba hapo Momella na kuishi kwa miaka kadhaa.

Muziki wake ulitungwa na Henry Mancini. Kwa simulizi yake mwenyewe, Hawks alirudi Marekani na vyombo kutoka huku: marimba za kupigwa kwa vidole, vibuyu vya kutikisa, na maganda marefu ya mbegu yanayolia yakitikiswa. Mancini alivitumia pamoja na vyombo vya kizungu. Filamu inafunguka kwa kumfukuza kifaru kwa magari, na hapo muziki una kazi ya kukaza roho za watazamaji.

Lakini kipande kilichopata jina duniani ni kile cha ndovu wadogo watatu wanaomfuata Martinelli kwenda majini. Mancini alieleza kwamba Hawks hakuwa na uhakika na sehemu hiyo, akamwomba aitazame na kusema anaionaje. Mancini aliitazama tena na tena, akaona mwendo wa ndovu wale una mdundo, akauandikia muziki wa kuchekesha. Ukaitwa Baby Elephant Walk na kumpatia tuzo ya Grammy.

Hapo kuna masomo mawili kwa mtunzi mdogo. Kwanza, hofu inahitaji pumziko. Filamu yenye mbio tupu humchosha mtazamaji, na ndovu wale humrudishia pumzi kabla ya kufukuza tena. Pili, maoni ya Mancini yalianzia kwenye kutazama kwa makini. Hakusema “nzuri” wala “mbaya” kwanza. Alitazama mpaka akaona kitu.

Hofu hujengwaje

Mzazi akijua mambo machache yanayojenga hofu katika muziki, atasikia zaidi ya kelele.

La kwanza ni nota zinazobanana. Aliyewahi kuimba kwaya anajua kwamba kutoka mi kwenda fa ni hatua fupi kuliko kutoka do kwenda re. Hatua hiyo fupi, ikichezwa chini kabisa kwenye selo na besi, mi-fa, mi-fa, ndiyo John Williams aliyoitumia kumtangaza papa katika filamu Jaws ya mwaka 1975. Nota mbili tu, na watu waliogopa kuogelea.

La pili ni mrudio. Kitu kinachorudiwa bila kubadilika huliambia sikio kwamba kinachokuja hakisimami. Waarusha na Wamaasai wanalijua hili tangu zamani: morani wanapoimba, sauti nzito ya kifuani hujirudia chini kama pumzi ya mtu anayekimbia, na kiongozi anaimba juu yake.

La tatu ni sauti zisizopatana. Mwalimu wa kwaya angesimamisha mazoezi na kuwarudisha soprano. Mtunzi wa filamu huziweka makusudi, kwa sababu sikio husubiri zipatane, na kusubiri huko ndiyo wasiwasi wenyewe.

La nne ni ukimya. Ngoma ikinyamaza ghafla, msikilizaji hushika pumzi.

Makosa ya wanaoanza nayo yanajulikana. Kila kitu kinapigwa kwa nguvu tangu sekunde ya kwanza, kwa hiyo hakuna pa kupanda. Vyombo vizito vinarundikwa chini pamoja hadi sauti inakuwa uji. Matarumbeta yanalia dakika nzima bila mpigaji kuvuta pumzi, jambo ambalo mashine inaliweza na binadamu hawezi. Mzazi hana haja ya kutaja makosa haya kwa majina ya kitaalamu. Inatosha aseme alichosikia.

Wakubwa nao walikosea

Yule anayeogopa kwamba hajui kutoa maoni ajue kuwa hata mabingwa walijikwaa. Williams alipompigia Steven Spielberg zile nota mbili kwenye piano, Spielberg alicheka akidhani anataniwa. Baadaye alisema muziki ule ulibeba nusu ya mafanikio ya filamu, na Williams akapata tuzo ya Oscar. Katika filamu Psycho ya mwaka 1960, Alfred Hitchcock alitaka tukio la bafuni lisiwe na muziki kabisa. Mtunzi Bernard Herrmann aliuandika hata hivyo, kwa vyombo vya nyuzi peke yake. Hitchcock alipousikia pamoja na picha, alibadili mawazo.

Wote wawili walianza kwa kukataa au kucheka, lakini walibaki kwenye kiti wakasikiliza. Mzazi anaweza kufanya hivyo hivyo jikoni kwake.

Kwanza, sikiliza mara mbili, na mara ya kwanza bila kusema neno. Tumia hedifoni au redio kubwa ya nyumbani, kwa maana spika ya simu haitoi sauti za chini. Mtoto aliyetunga besi ya kutisha atahukumiwa kwa kitu ambacho hakijasikika.

Pili, sema ulichoona. “Nimeona mtu anakimbia msituni usiku” ni maoni makubwa. Ikiwa mtoto alikusudia mto Themi ukifurika, sasa anajua kwamba hofu imefika ila maji hayajafika. Kazi ya kesho ameshaipata.

Tatu, taja mahali. “Mwanzo ulinikamata, lakini ilipofika dakika ya pili nikazoea” ina msaada kuliko “ni ndefu.” Hata dosari ikitajwa hivyo, haimvunji moyo, kwa sababu anajua umefika naye hadi dakika ya pili.

Nne, uliza swali moja kisha mwache: “Hapo palipokaa kimya, ulitaka nihisi nini?” Usimpe suluhisho. Usimwambie aweke maneno, wala usimlinganishe na mtoto wa jirani anayepiga kinanda kanisani.

Baada ya mzazi anakuja mjuzi. Ukanda huu wa Meru una kwaya na bendi za matarumbeta kila upande, na mpiga tarumbeta wa mtaani atamweleza mtoto kwa dakika tano kipi kinapigika na kipi hakipigiki. Chuo Kikuu cha Makumira, Usa River, hufundisha muziki hadi shahada, kwa hiyo mtoto anaweza kuona kwamba hii ni elimu yenye njia yake. Mjuzi huenda akataja makosa kumi kwa mpigo na mtoto akarudi kichwa chini. Kazi ya mzazi jioni hiyo ni kumsaidia kuchagua moja la kurekebisha wiki hii.

Mipaka nayo ipo

Kumsikiliza mtoto hakufuti ratiba. Masomo, usingizi na kazi za nyumbani vina saa zake. Programu ni ya bure lakini bando si la bure, hivyo mkubaliane mapema kiasi cha kupakua sauti. Filamu za kutisha si za watoto wadogo. Muziki wake unaweza kusikilizwa bila picha, mzazi akiwepo.

Wapo wanaojiuliza kama mtoto anayetunga mambo ya hofu ana tatizo moyoni. Muziki wa namna hii peke yake hauonyeshi hivyo. Hadithi za babu zilijaa mazimwi na fisi, na watoto walilala vizuri. Lakini mtoto akiwa pia hali, halali na amejitenga na wenzake, zungumza naye kuhusu hayo. Usiyafiche nyuma ya lawama kwa muziki.

Anayetaka kuanza wiki hii ampe mwanawe kazi ndogo: dakika moja tu ya muziki kwa tukio la hapa hapa. Nyati anatokeza kwenye ukungu wa Momella na gari limezimika. Muziki uanze chini, upande, unyamaze mara moja, kisha umalizike. Alhamisi asikilizwe na baba, Ijumaa arekebishe kitu kimoja, Jumamosi asikilizwe tena na mama. Mtoto akisikia mzazi anasema, “Leo pale penye ukimya nilishika pumzi,” atajua kwamba mabadiliko yake yamesikika, na Jumatatu ataleta kingine.