"Anko" Huyo Ni Nani?

Huko Kikima, katika milima ya Mbooni, Makueni, Mkamba humwita ndugu wa mama yake naimiwa, na jina hilo hampi ndugu wa baba. Sisi wa pwani nasi twatenga vivyo hivyo tangu kale: wa kwa mama ni mjomba, wa kwa baba ni ami. Lakini siku hizi vijana wetu wengi wamewachanganya wote wakawa "anko".

Pengine msomaji atauliza, ubaya uko wapi? Basi na tulipasue neno tuone kilichomo. Ndani ya mjomba mna chembe nne za maana: mwanamume, wa kizazi cha wazazi, ndugu wa mzazi, upande wa mama. Ndani ya ami mna zile tatu za kwanza, na ya nne ni upande wa baba. Wataalamu wa lugha wana elimu yao ya kuchambua chembe hizi, na mwaka 1956 Wamarekani wawili, Floyd Lounsbury na Ward Goodenough, waliifafanua kwa majina ya ujamaa kama haya.

"Anko" la Kiingereza limeiangusha chembe ya nne. Tena limemwingiza hata mume wa shangazi.

Sasa tazama sheria yetu. Katika mirathi, ami aliye ndugu wa baba kwa baba yao ni katika asaba. Mjomba ni katika dhawil-arhami, na zamu yake, ikiwapo, huja nyuma sana. Kwa msichana, ami na mjomba ni maharimu zake, lakini mume wa shangazi si maharimu. Mirathi ikifika mbele ya kadhi, ambaye Katiba ya Kenya ya 2010 imemtambua, swali litakuwa: huyu ni wa kwa baba au wa kwa mama? Itakuwa aibu kijana wetu akikosa jibu.

Hatupingi kuazima maneno. Ami lenyewe limetoka katika Kiarabu. Twapinga kuazima neno linalotupunguzia maana tuliyokuwa nayo. Wazazi, mtoto akisema "anko", mulizeni papo hapo: ami au mjomba? Na walimu wa madrasa wafundishe majina haya kabla ya kufundisha mafungu ya mirathi.