Azola ni zao, siyo dawa ya bei ya chakula cha kuku

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Kijana mmoja wa upande wa Dongobesh alinipigia simu. "Afisa, azola yangu imekuwa nyekundu yote, nimeuziwa mbegu mbovu." Nikawasha pikipiki nikaenda. Nikakuta mashimo sita, kila moja mita 2 kwa 2, yametandikwa nailoni vizuri kabisa, maji yanafika magotini, yako juani wazi, na juu ya maji kuna kitu chekundu kama kutu ya bati. Mbegu aliinunua kwa hela ya mbuzi wawili. Kwenye grupu la WhatsApp waliiambia hivi: azola ina protini asilimia 25, inajizalisha yenyewe, ukishakuwa nayo unaachana na kununua chakula. Na yeye ana kuku 100 wa mayai.

Mbegu haikuwa mbovu. Azola ilikuwa na njaa, imeungua jua na imepigwa baridi, vyote kwa pamoja.

Hapa ndipo ninapogombana na wauzaji. Mtu wa Mbulu ukimpa kitunguu saumu apande, atakuuliza mbolea gani, maji kila baada ya siku ngapi, ugonjwa gani. Hatapanda akaenda kulala. Lakini akipewa mmea wa kwenye maji anaamini maji yenyewe ndiyo chakula. Maji matupu hayalishi kitu. Azola ni mmea mdogo tu, mzima unalingana na ukucha wa kidole, unaelea na mizizi yake inaning'inia majini. Inachokula ni kile ulichoweka kwenye hayo maji.

Jambo moja inajitegemea: naitrojeni. Ndani ya majani yake wanaishi vijidudu wanaoivuta kutoka hewani. Kwa hiyo ukiwaona watu wanamwaga urea kwenye shimo la azola, ujue wanalisha ukoga wa kijani, nao ukoga utaikaba azola. Kinachopungua kwa kawaida ni fosforasi. Azola yenye njaa ya fosforasi inadumaa, inakuwa nyekundu, mizizi inarefuka sana na mmea unakatikakatika ukiushika.

Mimi kwa shimo la mita 2 kwa 2 naweka chini udongo mzuri uliochekechwa, kilo 10 hadi 15, halafu kilo 2 za samadi mbichi ya ng'ombe iliyokorogwa kwenye ndoo ya maji, pamoja na TSP vijiko viwili vidogo. Maji sentimita 10 hadi 15 yanatosha, siyo magotini, maana mizizi mifupi inatakiwa ikae karibu na ule udongo. Kila wiki narudia samadi kilo moja na TSP kijiko kimoja kidogo. DAP ukiwa nayo siyo mwisho wa dunia, ila ina naitrojeni ambayo huihitaji. Fosfeti ya Minjingu tunaipenda, ni ya mkoani kwetu, lakini inayeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Kwenye maji ya shimo itachelewa. Kama ndiyo uliyo nayo, ichanganye na udongo wa chini mapema.

Na jamani, majivu hapana. Sijui nani alianzisha hii habari. Majivu yanapandisha magadi ya maji, azola inashindwa kupata madini ya chuma na inaanza kuwa njano.

Ila wekundu siyo njaa peke yake. Jua kali linaleta wekundu, baridi pia. Azola inafurahia joto la nyuzi 20 hadi 30, sasa wewe fikiria usiku wa Juni na Julai huku Mbulu juu. Utajuaje ni kipi? Chota konzi moja weka kwenye beseni penye kivuli, tia TSP kidogo sana, nusu ya ncha ya kijiko. Beseni lingine weka kivulini bila kitu. Baada ya wiki moja angalia. La mbolea likirudi kijani na lingine likabaki jekundu, ilikuwa njaa. Yote mawili yakirudi, ilikuwa jua. Yasiporudi yote na asubuhi unavaa makoti mawili, basi ni baridi: funika shimo kwa turubai usiku, tegemea mavuno kidogo, na usipoteze mbolea.

Kivuli kiwe cha nusu, neti au makuti au chini ya mti usiodondosha majani sana. Kwa wa Katesh nina neno la ziada: upepo. Azola haijashika popote, upepo unaisukuma yote kona moja, inarundikana na kuoza. Weka ukingo au gawa shimo kwa vijiti.

Wa Hanang pia muonje maji kabla hamjachimba shimo. Ziwa Balangida mnalijua lilivyo la chumvi, na visima vya upande huo vingine mnavinywa kwa kukunja uso. Azola haivumilii chumvi, hata ukiipa mbolea ya aina gani. Vuna maji ya mvua au achana nayo. Ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima kwanza.

Halafu vuna! Watu wengi wanaiua kwa huruma, wanaiona imejaa, nzuri kama zulia, hawaigusi. Ikibanana inakufa kuanzia chini, maji yananuka, viwavi wanaingia. Toa robo ya maji kila baada ya siku 10 (mwagia bustani, ni mbolea hiyo), weka mengine.

Sasa turudi kwa yule kijana, maana kulikuwa na hesabu ambayo hakuna aliyemfanyia. Ile protini asilimia 25 ni ya azola iliyokaushwa. Azola mbichi karibu yote ni maji. Kilo moja ukiikausha unapata kama gramu 60, na ndani ya hizo protini ni gramu 15 hivi. Shimo lake moja likitunzwa vizuri litatoa nusu kilo mbichi kwa siku. Mashimo sita, kilo 3, protini gramu 45. Kuku wa mayai anakula chakula gramu 115 hivi kwa siku, chenye protini kama gramu 19. Kwa hiyo mashimo yote sita, yakiwa kijani na yenye afya, yanatoa protini ya kuku wawili na kidogo. Yeye ana 100.

Alinyamaza sana aliposikia. Tukaendelea: ili azola ibebe sehemu moja tu ya kumi ya protini ya kuku wake, anahitaji karibu kilo 13 mbichi kila siku, mashimo kama 25. Protini hiyo hiyo iko kwenye chini ya kilo moja ya mashudu ya alizeti. Na sisi tumekaa katikati ya alizeti!

Msinielewe vibaya, mimi mwenyewe ninayo. Kwa kuku 10 wa kienyeji wanaojitafutia, bata, au perege wachache bwawani, ni majani mazuri ya kijani, kiini cha yai kinakuwa cha njano kweli, na inayobaki ni mbolea. Ninachopinga ni kuuziwa kama mbadala wa chakula.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawasemi: usimwage mabaki ziwani wala mtoni. Afrika Kusini aina moja ya azola ililetwa kama mmea wa mabwawa ya samaki, ikaonekana mtoni mwaka 1948, ikatanda kwenye mito na mabwawa, mpaka mwaka 1997 wakaachia mdudu maalum wa kuila. Magugumaji ya Ziwa Victoria nayo yalianza safari yake kama maua ya mapambo. Ziwa Basotu siyo la chumvi, lina wavuvi, na ni dogo. Ukitaka kuacha azola, ianike juani ikauke kabisa, kisha ifukie shambani.

Kijana wetu alibakiza shimo moja, akaweka neti na udongo. Mengine matano tulianika azola yote, ikafukiwa kwenye matuta ya vitunguu saumu. Nailoni zile tano ameziuza kwa mtu anayechimba bwawa la perege. Lile shimo lililobaki lilirudi kijani baada ya wiki tatu, na analihudumia mama yake kwa ajili ya bata.