Dar–Moshi kwa saa saba: sifa ya kijinga

Kuna sifa moja ya kina baba wa mjini ambayo nimeichoka, na leo nimeamua kuisema bila kuizungusha. Utaisikia baa, utaisikia kazini, utaisikia kwa kinyozi, na kila likizo ikiisha utaisikia mara mbili: "Nimetoka Dar saa kumi alfajiri, saa tano asubuhi niko Moshi nakunywa supu." Wasikilizaji wanatikisa vichwa kwa heshima. Mwingine anadakia: "Mimi saa sita na nusu!" Basi imekuwa ligi. Hakuna anayeuliza swali dogo tu: kwenye gari ulikuwa na nani?

Mara nyingi jibu lingekuwa hivi: alikuwa na mkewe, mtoto wa miaka minne aliyesimama katikati ya viti viwili vya mbele, na kichanga cha miezi tisa mapajani mwa mama yake.

Jamani, tufanye hesabu, maana wengi wetu hapa tumesoma. Dar hadi Moshi ni takribani kilomita 560. Ukitumia saa saba, wastani wako ni kilomita 80 kwa saa. Inaonekana ni mwendo wa kistaarabu, siyo? Sasa kumbuka vibao vya 50. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, Same, Mwanga, Himo, na vijiji vyote vya katikati ambavyo majina yake huwahi kuyasoma kwa sababu unapita kama mshale. Tuseme theluthi moja tu ya njia ni sehemu za 50, na wewe ni raia mwema unazitii zote. Hiyo theluthi peke yake itakula karibu saa tatu na dakika 45. Zilizobaki, kama kilomita 373, unatakiwa uzimalize kwa saa tatu na robo. Yaani kilomita 114 kwa saa mfululizo, kwenye barabara ya njia mbili, bila kukuta lori, bila kuweka mafuta, bila mtu yeyote kushuka kuchimba dawa.

Haiwezekani. Kwa hiyo ndugu yetu wa saa saba ama anadanganya, ama amepita vijijini kwa 90 na kuovateki malori kwenye kona huku anawashiwa taa na wenzake kwamba mbele kuna tochi. Chagua mwenyewe ipi ni sifa.

Na faida yake ni nini hasa? Kipande cha kilomita 100, ukienda 100 kwa saa, kinakuchukua dakika 60. Ukienda 120, dakika 50. Umeokoa dakika kumi. Lakini nguvu ya gari lako kugonga imeongezeka kwa asilimia 44, kwa sababu nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo. Hii ni fizikia ya sekondari, wala haihitaji digrii. Dakika kumi! Dakika ambazo ukifika utazimaliza umesimama uani unaeleza jinsi ulivyowahi.

Sasa tumuangalie huyo mtoto wa mapajani. Tuna imani moja ngumu sana kuivunja, kwamba mikono ya mama ni mkanda. Mikono ya mama ni mengi, lakini mkanda siyo. Gari likitoka kilomita 50 kwa saa na kusimama ghafla ndani ya nusu mita kwa kugonga kitu, mtoto wa kilo kumi anavutwa mbele kwa nguvu sawa na kunyanyua karibu kilo 200. Nitajie mwanamke au mwanamume wa kushikilia kilo 200 kwa ghafla, tena akiwa nusu usingizini. Hapo ni kwa 50, mwendo wa kibao. Kwa 110 sitaki hata kuandika.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya ajali za barabarani. Shirika hilohilo linasema kiti cha mtoto ndani ya gari kinaweza kupunguza vifo vya watoto kwa asilimia 60. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilipotungwa mwaka 1973 haikumfikiria kabisa mtoto na kiti chake. Wengine wameifanya hiyo kuwa kisingizio: sheria haijasema. Ndugu yangu, sheria haijasema pia umvalishe mtoto sweta akishuka Moshi mwezi Juni, mbona unamvalisha?

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu mapema.

La kwanza: "Sisi tulipakatwa, tulipanda nyuma ya pikapu, na tukakua." Kweli, mlikua. Ambao hawakukua hawapo baa kusimulia. Halafu pikapu ya wakati huo, kwenye vumbi na mashimo, ilikuwa inakimbia ngapi? Lami ndiyo iliyobadilika. Gari lako la mtumba kutoka Japani linafika 120 hujui. Mazoea yetu tu ndiyo yamebaki ya pikapu.

La pili: "Kiti cha mtoto ni mambo ya wazungu, halafu ghali." Ghali kuliko nini? Kuliko rimu? Kuliko spika za muziki ulizofunga? Watu wanavaa mitumba maisha yao yote, na viti vya watoto vya mtumba vipo pia. Ila hakikisha plastiki haina ufa, mikanda yake yote inafunga, na muulize muuzaji kama kiliwahi kuwa kwenye gari lililopata ajali. Kichanga anakaa akitazama nyuma ya gari, tena kiti cha nyuma. Usimweke mbele kwenye kiti chenye mfuko wa hewa, maana ule mfuko ukifumuka unapiga kiti chake kama ngumi. Kadiri anavyokua ndipo anageuzwa kutazama mbele, kisha anapandishwa kwenye kiti cha kumwinua mpaka mkanda wa gari umkae begani na nyongani, siyo shingoni na tumboni.

La tatu: "Likizo yangu ni fupi, siwezi kupoteza siku njiani." Hapa ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Nani alikuambia njia ni siku iliyopotea? Kwa mtoto wa miaka minne, njia ndiyo safari. Moshi kwake ni bibi na kuku. Lakini mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kuanzia Segera kwenda Korogwe, milima ya Usambara inayosimama upande wa kulia kama ukuta, mibuyu ya Upareni, mto Pangani chini ya daraja... hivyo vyote unampitisha akiwa amelala au anatapika, halafu mwaka mzima unamlipia ada akasome "mazao ya biashara" kwenye kitabu. Mkonge alikuwa nao dirishani!

Na hapa niseme na jambo ambalo kina baba hatulipendi. Saa saba za baba siyo saa saba za mama. Baba ameshika usukani, muziki anachagua yeye, anasimama akitaka yeye. Mama ameshika mtoto, mfuko wa matapishi, chupa ya maziwa na mtoto wa pili anayeuliza "bado?" kila dakika tano. Mguu umeingia ganzi tangu Mkata. Akiomba gari lisimame anaambiwa "ngoja tufike Korogwe." Wakifika, sifa ni za nani? Za dereva. Mimi nasema ratiba ya safari yenye watoto ipangwe na mwenye kuwashika watoto, na dereva aitii kama anavyomtii trafiki. Ikiwezekana wapokezane.

Halafu kuna hii ya kuondoka saa kumi alfajiri. Ijumaa umefanya kazi mpaka jioni, umekaa kwenye foleni, umepakia mizigo mpaka saa sita usiku, umelala saa tatu na nusu, kisha unashika usukani gizani na roho nne nyuma yako. Watafiti wa usingizi walishaonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo uwezo wake unashuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kwa hiyo hata yule jamaa anayejisifu kwamba "mimi sinywi nikiwa na safari" anaendesha kalewa. Usingizi haunuki mdomoni, basi.

Sasa msiseme nimelalamika tu. Safari yenye utulivu iko hivi, na haihitaji uwe tajiri.

Nenda Juni. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Juni hadi mapema Julai, masika yameisha, na barabara haijafurika kama Desemba, ambapo kila mtu anakimbilia nyumbani "kuhesabiwa." Hakuna amri ya serikali kwamba bibi aonwe Krismasi tu. Bibi naye angependa kukuona wakati hana wageni thelathini uani.

Gawa njia siku mbili. Lala mapema, toka saa moja asubuhi, watoto wameshakunywa chai. Unaweza kupitia Bagamoyo mpaka Msata na kuikwepa foleni ya malori ya Kibaha hadi Chalinze. Kila baada ya saa mbili, simama. Siyo kusimama kwa konda, "dakika tano, tano, twende!", bali kusimama mpaka mtoto akimbie, aone mbuzi, aulize maswali yake kumi na mawili. Chakula cha mchana Korogwe, ambako umemaliza nusu ya njia. Ukitaka kulala sehemu ya baridi, kata kulia Mombo upande Lushoto, kilomita 33 za kona, na pale Soni uwaonyeshe maporomoko ya maji. Ukiwa na mtoto anayetapika kwenye kona, basi usimtese, lala bondeni Korogwe au Mombo. Gesti safi zipo, na nauli ya kulala usiku mmoja ni ndogo kuliko mambo mengi tunayoyafanya bila kufikiri.

Kesho yake una nusu ya njia tu, au pungufu. Unazimaliza mchana mweupe. Ukifika Same mapema, geti la hifadhi ya Mkomazi liko karibu na mji. Ukiamua kuingia, watoto wataona wanyama bila kusubiri siku utakayopata hela ya Serengeti. Unaingia Moshi jua halijazama, watoto wana nguvu za kumkimbilia bibi yao badala ya kubebwa kama mizigo.

Na usiye na gari? Maana blogu hii inasomwa na watu wa basi pia, tena ndio wengi. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Kuruhusiwa siyo kulazimishwa. Ukiwa na watoto, panda la asubuhi. Mkatie mtoto siti yake kama ana umri wa kukaa, angalia kama siti ina mkanda unaofunga, na dereva akianza kushindana na mwenzake usione haya kupaza sauti. Abiria wa Kitanzania tuna ugonjwa wa kumwombea dereva kimyakimya badala ya kumwambia apunguze mwendo. Omba, sawa, lakini na kusema useme.

Jambo la mwisho ni kwetu waandishi. Ajali ikitokea, magazeti yanaandika "mwendokasi" na "uzembe wa dereva", picha ya basi lililopinduka, mkuu wa mkoa anatoa pole, imeisha. Gari dogo la familia haliitwi mzembe. Linaitwa "familia yapata msiba." Ni msiba, ndiyo, na mfiwa hasutwi. Lakini kabla ya msiba kulikuwa na baba fulani aliyetaka kufika saa tano, na kulikuwa na sisi marafiki tuliomfundisha kwamba kufika saa tano ni uanaume. Polisi na tochi yao hawawezi kukaa kila kona kuanzia Kibaha mpaka Himo. Sisi tunaomshangilia tuko kila mahali.

Wazee walisema kawia ufike. Kwa hiyo wadau, mtu akirudi likizo hii akaanza kutuhesabia saa, tusimpigie makofi. Tumuulize watoto waliona nini njiani. Akikosa jibu, basi hajasafiri nao, amewasafirisha tu.

Haya, nipingeni. Ila njooni na hesabu.