Draiva ya modemu ikae ndani ya keneli, kwisha!

Haya, leo tusemezane ukweli, na wa kununa anune. Nimechoka na hii tabia ya kushindilia moduli kwenye bodi ndogo kana kwamba ni kompyuta ya ofisini. Kila bodi ninayoletewa, iwe Raspberry Pi au BeagleBone, nikipiga lsmod inanitapikia orodha ndefu kuliko foleni ya matatu Ijumaa jioni. Na humo humo utakuta draiva ya kile kifaa kimoja ambacho bodi ilinunuliwa kwa ajili yake.

Kwa walio wageni: unapokompaili Linux, kila draiva ina herufi yake kwenye faili la .config. Ukiweka y, draiva inashonwa ndani ya keneli yenyewe. Ukiweka m, inakuwa faili la pembeni chini ya /lib/modules, linalopakiwa baadaye likihitajika. Basi. Herufi moja tu, lakini ndiyo inayoamua nani atapanda basi usiku.

Najua tabia ilikotoka. Debian haijui utaiweka kwenye mashine gani, kwa hiyo inabeba maelfu ya moduli na kuchagua baada ya kuwaka. Kwao ni akili. Lakini wewe bodi yako umeifunga kwa skrubu ndani ya sanduku, na vifaa vyake unavijua kwa majina. Unabahatisha nini?

Sasa sikiliza. Kuna mkandarasi, simtaji, aliyefunga bodi za kuangalia pampu za visima upande wa Kitui. Mtandao ulikuwa modemu ya USB, na draiva yake ilikuwa m. Kwenye Raspberry Pi keneli inakaa patisheni ya FAT, moduli zinakaa patisheni nyingine ya ext4. Ni sehemu mbili tofauti zinazopaswa kukubaliana kila mara. Akatuma keneli mpya kupitia hewani, stima ikapotea katikati. Iliporudi, keneli ilikuwa mpya na moduli ni za zamani. Keneli hutafuta folda yenye jina la toleo lake hasa, na hata ukiipa moduli ya toleo jingine kwa kawaida itaikataa. Bodi ikawaka vizuri kabisa, taa zinamemeta, kumbukumbu zinaandikwa kwenye kadi, ila modemu haina draiva. Ili kuitengeneza unahitaji mtandao, na ili upate mtandao unahitaji draiva. Siku hizo hizo pampu moja ikafa na ofisini hakuna aliyeona. Kina mama wakarudi kuchimba mchanga mtoni kutafuta maji, huku bodi ikiendelea kumemeta.

Kwa hiyo mtu akiniambia "moduli zinaokoa RAM" huwa namwangalia tu. Moduli inaokoa RAM ikiwa haijapakiwa. Kama huihitaji kabisa, usiikompaili hata kidogo! Na kama unaihitaji kila siku, ikiwa ndani hutumia nafasi ndogo kidogo, maana moduli hugawiwa memori kwa kurasa nzima nzima, kwa kawaida za KB 4, na sehemu yake ya kujiondoa hubebwa bure.

Wa pili atasema draiva ya ndani huwezi kuibadilishia vigezo. Unaweza. Andika jina la draiva, nukta, jina la kigezo, alama ya sawasawa na thamani yake kwenye cmdline.txt, kisha washa upya. Wa tatu, na huyu ana hoja kidogo, atasema modemu ikiganda anaitoa moduli na kuirudisha. Kaka, ingia /sys/bus/usb/drivers, utakuta mafaili ya unbind na bind. Yanakata na kuunganisha kifaa na draiva yake, hata kama draiva iko ndani ya keneli.

Pahali ninapokubali m ni WiFi. Chipu nyingi za WiFi zinataka femwea kutoka /lib/firmware. Draiva ikiwa ndani ya keneli inaweza kuamka kabla patisheni ya mizizi haijafunguliwa, ikatafuta femwea, ikakosa, ikasusa. Unaweza kuishona femwea nayo kwa CONFIG_EXTRA_FIRMWARE, lakini kama WiFi si njia yako ya kuokoa bodi, usijisumbue. Pia ukiwa bado unaandika draiva mwenyewe mezani, tumia m, huwezi kuwasha bodi upya kila ukibadilisha mstari mmoja.

Mengine yote ya lazima ni y: kadi ya SD, ext4, saa ya mlinzi inayowasha bodi upya ikiganda, na kile kinachokuunganisha na dunia. Kazi yenyewe ni fupi. Chomeka vifaa vyote, vyote nimesema, kwa sababu make localyesconfig huangalia moduli zilizopakiwa saa hiyo, inazigeuza kuwa y na kuzitupa zilizobaki. Modemu ikiwa kwenye droo utaikosa. Ukimaliza kukompaili, fungua faili la modules.builtin utafute draiva ya modemu yako kwa jina. Kama haimo, sanduku usilifunge bado.