Kupanda Daraja kwa Mkopo

Tarehe 27 Agosti 2019 klabu ya Bury ilifukuzwa katika Ligi ya Soka ya Uingereza. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1885, ikatwaa Kombe la FA mwaka 1900 na 1903, na ilikuwa katika ligi hiyo tangu 1894. Haikufukuzwa kwa kushindwa uwanjani. Miezi michache kabla yake ilikuwa imepanda kutoka daraja la nne hadi la tatu. Ilifukuzwa kwa sababu mmiliki wake, aliyeinunua kwa pauni 1 mwezi Desemba 2018, alishindwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kulipa wadai na kuendesha msimu. Wachezaji walioipandisha walikuwa wakidai mishahara.

Nakikumbusha kisa hiki kwa sababu kila msimu nasikia viongozi wa timu zetu za madaraja ya chini wakihubiri imani ileile: tutumie kwanza, fedha zitakuja tukipanda. Naikataa imani hiyo. Nafasi za kupanda ni chache, na wanaozitamani ni wengi. Ikiwa kila klabu itasajili kwa fedha za msimu ujao, basi nyingi zitabaki chini na deni lake. Si bahati mbaya. Ni hesabu ya darasa la tatu. Na mkataba wa matangazo wa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10, uliosainiwa na Azam Media na TFF mwaka 2021, umezidisha kishawishi: kadiri meza ya Ligi Kuu inavyonona, ndivyo walioko nje wanavyokubali kuuza hata nguo ili waifikie.

Anayelipia kamari hiyo si yule anayeicheza. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alichezea klabu ya daraja la chini. Alikuja ofisini kuomba kuahirisha mwaka wa masomo kwa kukosa ada. Akanionyesha mkataba wake: una saini, una muhuri, una kila kitu isipokuwa mshahara. Kiongozi aliyeusaini alikuwa amekwisha kujiuzulu. Deni likabaki yatima.

Nitaambiwa kwamba bila wafadhili wenye moyo miji yetu isingekuwa na timu. Sawa, lakini mfadhili wa kweli huweka fedha mezani kabla mchezaji hajasaini. Anayeahidi kwa mdomo, kisha akaikopesha klabu na kuifunga kwa deni lake mwenyewe, huyo si mfadhili. Ni mkopeshaji aliyevaa jezi.

Ndugu zangu watumishi wa umma, nanyi hamko nje ya jambo hili. Mbeya City ni timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya; KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni. Sipingi halmashauri kumiliki timu. Huenda ndiyo njia bora ya kuinusuru timu isiwe mali ya mtu mmoja. Lakini shilingi inayomlipa mshambuliaji imetoka mfuko uleule unaosubiriwa na zahanati. Diwani anayehoji bei ya dawati ahoji pia bei ya usajili.

Ninachodai ni mambo matatu. Klabu isipewe leseni ya msimu bila hesabu zilizokaguliwa, zilizobandikwa mahali mwanachama anaweza kuzisoma. Mishahara ya msimu mzima iwekewe dhamana kabla ya usajili kufungwa. Na anayedaiwa na wachezaji asisajili mwingine hata mmoja.

Waingereza walihitaji msiba wa Bury na misiba mingine ndipo Bunge lao, mwaka 2025, likapitisha sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka. Sisi tumekwisha kuona kaburi la mwenzetu. Hatuna haja ya kulichimba la kwetu ili tuamini.