Bei ya Kompyuta na Ujuzi wa Mnunuzi

Ziba ni mji mdogo katika wilaya ya Igunga, kaskazini mashariki mwa mji wa Tabora. Wakazi wengi wa nchi hiyo ni wakulima na wafugaji: pamba, mpunga, mahindi na ng'ombe. Fedha ya mkulima huja kwa msimu, baada ya mavuno, na kwa sababu hiyo bei ya kitu cha dukani hupimwa kwa magunia. Simu ikipanda bei, mnunuzi wa Ziba hujiuliza ni magunia mangapi zaidi yatakayotoka ghalani. Wala kifaa hicho si pambo tena. Ndicho benki, ndicho taa, ndicho redio, na kwa mwanafunzi ndicho kitabu. Anayekikosa hukosa yote kwa pamoja.

Watu hupokea kupanda kwa bei kwa namna nyingi. Wako wanaolalamika kisha wakalipa. Wako wanaoahirisha hadi msimu ujao. Wako wanaokimbilia kilicho rahisi bila ya kuuliza kimetoka wapi, na wako wanaokitunza walicho nacho. Njia hizi hazina uzito mmoja. Kinachomwezesha mnunuzi kuchagua iliyo njema ni kukijua kifaa chenyewe, na ujuzi huo hauna budi kufundishwa shuleni.

Chanzo cha bei kiko mbali

Ndani ya kila kompyuta na kila simu mna kumbukumbu, yaani vipande vya silikoni vinavyoshika kazi wakati chombo kinapotumika. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za dunia hutengenezwa na makampuni matatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea ya Kusini, na Micron ya Marekani. Kuanzia mwaka 2025 majumba makubwa ya kompyuta yanayoendesha akili unde yalizidi kuhitaji kumbukumbu za aina maalumu, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Kumbukumbu hizo zina faida kubwa kwa mtengenezaji, lakini kwa kiasi kilekile cha habari hula takribani mara tatu ya silikoni inayotumika katika kumbukumbu za kawaida. Viwanda vikageukia huko, za kawaida zikapungua, na bei ikapanda. Mwezi Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba itaacha biashara yake ya kumbukumbu za Crucial, zilizouzwa kwa watu wa kawaida.

Wanunuzi wa nchi tajiri nao hawakutulia. Wengine walinunua zaidi ya haja yao kabla bei haijapanda tena, hata baadhi ya maduka ya Akihabara, mjini Tokyo, yakaweka kikomo kwa kila mteja. Kununua kwa hofu ni kuni juu ya moto: kila anayeweka akiba asiyoihitaji humwongezea bei mwenziwe.

Kwa Tanzania pana mzigo wa pili. Vifaa hivi hulipiwa kwa dola, na kati ya mwaka 2022 na 2024 dola moja ilipanda kutoka takribani shilingi 2,300 hadi zaidi ya 2,600. Mwaka 2021 serikali ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka 2022 msamaha huo ukafutwa. Mnunuzi wa Ziba hana sauti katika mambo haya. Akingoja yatengemae ndipo ajifunze, atangoja sana.

Somo la njia ya misafara

Hali hii si ngeni katika nchi ya Unyamwezi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita kati ya pwani na Ujiji, na kituo chake kikuu kilikuwa Unyanyembe, ilipo Tabora. Safari ilikuwa ndefu: Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba. Kila hatua iliongeza bei ya bidhaa, kwa ujira na chakula cha wapagazi, na kwa hongo iliyolipwa watawala wa njiani.

Kitambaa kilichopendwa kuliko vingine kiliitwa merikani, kwa kuwa kilifumwa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko, kati ya mwaka 1861 na 1865, merikani iliadimika Zanzibar na bei yake ikapanda. Mkulima wa bara hakuhusika na vita hivyo, lakini gharama yake ilimfikia. Hatimaye vitambaa vya Uingereza na India vilichukua nafasi kubwa iliyoachwa.

Hata hivyo mnunuzi wa bara hakuwa mtu wa kupokea lolote. Kitambaa alikishika na kukipima kwa vidole. Shanga alizichagua kwa rangi na ukubwa. Zilizopendwa mahali pamoja zilikataliwa pengine, na mapenzi yalibadilika upesi. Shanga nyekundu za sami-sami zilipokelewa sehemu nyingi, lakini msafara uliokuja na shanga zisizotakiwa ulikuwa umebeba mawe. Nguvu ya mnunuzi yule ilitokana na kuijua bidhaa kwa mkono na kwa jicho. Mjukuu wake anapoinunua simu leo, hashiki kitu isipokuwa kioo na ganda. Yaliyomo hayaoni, na asiyoyajua hawezi kuyakataa. Hapo bei iliyopanda humpiga mara mbili: hulipa zaidi, na hajui alicholipia.

Kukataa hakutoshi

Pana wanaosema dawa ya bei kubwa ni kuacha kununua. Tanzania iliwahi kujaribu dawa hiyo. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya mipango ya kompyuta serikalini kula fedha nyingi bila ya tija iliyotarajiwa, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974. Katazo hilo lililegezwa baadaye. Lilikuwa na sababu, kwani fedha za kigeni zilikuwa haba. Lakini palipokosekana kompyuta, haikuwa rahisi kumpata mtu wa kujifunza juu yake. Kujizuia hulinda mfuko kwa muda. Hakumwongezei mtu maarifa.

Kukimbilia vya rahisi nako kuna hasara yake. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia, na wenye nazo wakabaki na maganda matupu. Kabla ya siku hiyo kila mwenye simu aliweza kubonyeza *#06#, akaiona namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, akaituma kwenda 15090 na kujibiwa kama simu yake ni halali. Ukaguzi huo ulikuwa wa dakika moja. Waliokuwa na ujuzi huo tangu dukani waliokoa fedha yao. Wengine waliupata baada ya kununua.

Kutunza kwa elimu

Inabaki njia ya kutunza na kutengeneza, ambayo Watanzania waliizoea tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipokuwa adimu, betri za redio zilizochoka zilianikwa juani ili zirudishe nguvu. Mbinu hiyo ilikuwa na nusu ya ukweli. Joto huharakisha mwendo wa kemikali ndani ya betri kavu, na nguvu kidogo hurudi kwa muda. Lakini zinki iliyokwisha kuliwa hairudi, na betri iliyochakaa huweza kuvuja na kuiharibu redio. Mwenye kuhamishia mazoea hayo kwenye betri ya lithiamu ya simu hukaribisha hatari, kwa maana joto huifupishia maisha, na likizidi huweza kuivimbisha au kuiwasha moto. Desturi ya kutunza ni njema; isipoongozwa na sayansi huwa hasara.

Mfano wa kompyuta za shule ni wa karibu zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuuhudumia bure mfumo endeshi wa Windows 10 kwa jumla ya watumiaji, na kompyuta nyingi zilizo nzima hazikubaliki kwa Windows 11. Asiyejua ataambiwa anunue mpya, wakati bei imepanda. Anayejua ataweza kuingiza mfumo wa Linux, usiolipiwa, na mashine ikaendelea kufundishia. Atafungua kifuniko, atapangusa vumbi linalozuia feni, atabadili diski iliyochoka. Hata vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo, na hivyo chombo kimoja kikatumika mara mbili.

Ni kweli kwamba si kila kifaa hufunguka. Watengenezaji wengine hugandisha betri kwa gundi na kuficha vipuri. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kumpa mnunuzi haki ya kutengenezewa kifaa chake, na nchi za Afrika Mashariki zingefanya vyema kuidai haki kama hiyo. Lakini sheria haitamfaa mtu asiyejua kosa liko kwenye chaja, kwenye betri au kwenye waya.

Kwa hiyo wajibu unawaangukia walimu wa sayansi. Umeme, joto na elektroniki vimo katika masomo ya sekondari. Kinachokosekana aghalabu ni kifaa kilichofunguliwa juu ya meza. Simu iliyokufa, ikiondolewa betri kwanza chini ya uangalizi wa mwalimu, ni somo zima la Fizikia lisilogharimu shilingi. Fundi simu wa mjini aalikwe darasani siku moja kwa muhula. Wanafunzi wapime volti za chaja na kuzilinganisha na maandishi yaliyo juu yake, waandike walichokiona, kisha waende kuwaeleza wazazi wao kabla mavuno hayajauzwa.

Wahenga walisema kitunze kidumu. Ili kitunzwe, sharti kwanza kijulikane. Bei zitapanda na kushuka kwa amri za watu wasioijua Ziba; lakini mkulima atakayekwenda dukani na mwanawe aliyesoma hivyo hataondoka na shanga zisizotakiwa.